Ukurasa wa Kumi na Nne

Kitabu cha karate kilifika Ruwi bila jalada,
nakala ya nakala, wino umefifia mpaka
yule mtu wa pichani hana uso,
ana nguo nyeupe tu na mishale inayomwamrisha
mguu uende wapi.
Sasidharan alikitoa kwa binamu yake wa Bahareni.
Tulilipa baisa mia tano kila mmoja,
na siku ya tatu Dadkarim, mwenye kuhesabu kila kitu,
akasema: jamani, kumi na tatu, kumi na tano.

Wa kumi na nne haupo.

Tulikuwa wanne juu ya paa, Wadi Kabir,
baada ya isha, saruji bado ina jua la mchana
inatuchoma nyayo kama chuma cha chapati.
Mwalimu hatuna.
Tuna tangi la maji, bomba linalokatiza paa zima,
na taa ya dobi wa jirani inayotuazima nusu ya mwanga.

Mama aliishona nguo yangu kwa magunia ya mchele;
mgongoni pakisomeka bado: kilo arubaini.
Mkanda wa njano akauchovya kwenye manjano,
wa kahawia kwenye hina iliyobaki harusi ya Zuweina.
Na mweusi? nikamuuliza.
"Mweusi uchovye mwenyewe kwa jasho, mie sina dawa yake."

Aliposikia twajifunza kata, alicheka mpaka akakaa chini.
Kata! Kwao Wete kata ni kifuu chenye mpini,
waizamisha mtungini, wachota, wanywa.
"Sasa nyie mwapigana na kiu?"
Akanyanyua mkono, akachota hewa,
kisugudi chini, kiganja kikageuka mwisho kabisa
tone lisimwagike.

Muhenna akanitazama. Nami nikamtazama.

Mchoto ule tukautia baada ya pigo la ishirini na mbili.
Kisha ikabidi tugeuke kushoto, na kushoto kuna bomba,
basi tukaliruka bomba.
Sasidharan akaleta kitu cha mjomba wake, cha chini mno,
kama paka anayenusa zulia;
magoti yetu yalikataa, tukakifanya nusu.
Dadkarim hakuleta kitu. Alitaka tusimame tu,
pumzi moja,
kwa heshima ya karatasi iliyopotea.

Mwaka wa tisini na saba nikaenda Dubai kwa mtihani.
Meza ndefu, wazee watatu, kiyoyozi kinauma masikio.
Nikafika ishirini na mbili na mwili haukuniuliza:
nikachota, nikaruka bomba lisilokuwepo,
nikainama nusu,
nikasimama.
Wa katikati akaweka kalamu chini.
"Hiyo umeitoa wapi?"
Ningeweza kusema nimekosea, niruhusiwe kurudia.
Nikasema: ukurasa wa kumi na nne.
Akanifelisha, na haki alikuwa nayo.

Nimeuona baadaye ukurasa wenyewe, mzima,
katika duka la vitabu Sharja.
Mkono mmoja unazuia, mguu unarudi nyuma.
Hivyo tu. Nilisimama pale muda mrefu
kama mtu aliyeoneshwa picha ya baba mwingine,
nikakirudisha kitabu rafuni.

Lile jengo limevunjwa. Sasidharan yuko kwao,
hupiga simu sikukuu na kuuliza hali ya bomba.
Muhenna tulimzika mwaka juzi, Dadkarim akahesabu safu.

Jana uani, Mabela, binti yangu Raya
alichota, akaruka, hajui anaruka nini,
wala sijamwambia.
Ila kiganja alikigeuza mapema.
Unamwaga, nikamwambia.
Rudia.